Wazee wa Yezreeli Wangali Kwenye Viti vya Mbele



Kila mhubiri wa Kenya anayetaka kumkemea mtawala bila kumtaja jina hukimbilia shamba la mizabibu la Nabothi. Ni hadithi inayotufaa, kwa kuwa nchi hii imepata kuwa na Ahabu wengi na mashamba mengi. Mfalme anatamani kiwanja kilichopakana na jumba lake. Mwenye kiwanja anakataa kuuza urithi wa baba zake. Mfalme anajilaza kitandani amenuna mithili ya mtoto aliyenyimwa. Malkia anachukua kalamu. Waumini husikiliza, huguna, hutikisa vichwa, na kila mmoja moyoni mwake humwona Ahabu anayemjua yeye. Kisha sadaka hukusanywa, na watu hurudi makwao wameridhika kwamba leo Neno limewafikia wakubwa.

Lakini isomeni tena sura ile ya ishirini na moja ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, na muisome polepole. Yezebeli hakumgusa Nabothi kwa mkono wake. Aliandika barua na kuzipiga muhuri wa mfalme. Barua hizo zilipelekwa kwa nani? Zilipelekwa kwa wazee na wakuu wa mji ule ule, jirani zake Nabothi, watu waliomjua tangu utoto. Hao ndio waliotangaza mfungo. Tafadhalini mlizingatie hilo: walitangaza mfungo! Hao ndio waliomketisha Nabothi mbele ya watu, na hao ndio waliokubali mashahidi wawili wa kukodiwa wasimame na kumsingizia. Hatuambiwi kwamba kulikuwa na mzee hata mmoja aliyeirudisha barua. Kazi ilipokwisha, walimpelekea malkia habari kama makarani watiifu wapelekavyo ripoti. Eliya alitumwa kwa Ahabu. Hatusomi kwamba kuna aliyetumwa kwa wazee wa Yezreeli, na yaelekea Sabato iliyofuata walikuwa mahali pao pa kawaida, wamekaa kwa adabu.

Hao wazee ndio tunaotaka kuwasema leo. Maana kanisa la Kenya limejifunza, kwa gharama kubwa, kumkemea mfalme. Kumkemea mzee wa mji limeshindwa, kwa sababu mzee wa mji ni wetu. Ndiye mweka hazina wa parokia. Ndiye mwenye sauti nzito katika kwaya. Ndiye aliyechanga mabati yanayotukinga na mvua tunapoomba.

Tuutazame mlolongo, kwa ajili ya vijana ambao siku zile walikuwa hawajazaliwa. Mwaka 1986 chama tawala, kikiwa ndicho chama pekee kilichoruhusiwa na sheria, kiliamua kwamba katika uteuzi wa wagombea wake mpiga kura asitumie karatasi ya siri, bali ajipange mchana kweupe nyuma ya mgombea au ya wakala aliyeinua picha yake. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amekwisha kuchaguliwa, pasipo kura nyingine. Utaratibu huo ulitumika mapema mwaka 1988. Walioutetea walisema hauwezi kuwa na hila, kwa kuwa mistari inaonekana na kila mwenye macho. Naam, ilionekana. Katika sehemu nyingi watu waliuona mstari mrefu na wakauona mfupi, halafu wakasimama pale pale juani wakimsikiliza ofisa akitangaza kwamba ule mfupi ndio uliokuwa mrefu.

Jiulizeni ni nani aliyetangaza. Rais hakuwa katika kiwanja cha kila shule ya msingi. Aliyekuwapo ni ofisa wa utawala wa mkoa, na kando yake karani wake, na chifu, na naibu wa chifu, na askari wa utawala. Wengi wao walikuwa na majina ya ubatizo. Wengi waliijua kwa kichwa amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo. (Wakatoliki huihesabu kuwa ya nane na Waprotestanti wengi kuwa ya tisa, pengine tofauti hiyo ndiyo iliyowapa watu wetu mwanya wa kuiruka.) Ofisa yule alisema uongo kwa sauti, mbele ya umati, juu ya jambo lililokuwa mbele ya macho ya wote. Kisha ikaja Jumapili.

Viongozi wa makanisa hawakunyamaza wote, na hilo tunalisema kwa fahari. Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lilipinga mlolongo tangu 1986. Jarida lake, Beyond, lilipoeleza yaliyotendeka katika uchaguzi wa 1988, likapigwa marufuku mwaka uo huo. Askofu David Gitari alihubiri dhidi ya wizi wa kura, na Aprili 1989 nyumba yake ikavamiwa usiku. Siku ya Mwaka Mpya 1990 Kasisi Timothy Njoya alisimama mimbarani akaeleza jinsi tawala za chama kimoja zilivyokuwa zikianguka Ulaya Mashariki, akaitaka Kenya ijitazame. Askofu Henry Okullu alidai vyama vingi bila kuzungukazunguka. Askofu Alexander Muge aliambiwa hadharani na waziri kwamba akitia mguu Busia huenda asitoke hai; alikwenda, na tarehe 14 Agosti 1990, akirejea, akafa katika ajali ya barabarani. Desemba 1990 chama chenyewe kiliufuta mlolongo, na Desemba 1991 kifungu cha 2A kiliondolewa katika katiba.

Kifungu kiliondolewa. Watangazaji wa mstari mfupi walibaki. Hatujapata kusikia parokia, usharika wala dayosisi iliyomwita mtu wa namna hiyo mbele ya baraza la wazee ikamwuliza: ndugu, siku ile ulihesabu nini? Hatujasikia hata mmoja aliyezuiwa kuikaribia Meza ya Bwana kwa ajili ya hesabu. Alikuja na Biblia yake kwapani, akapewa kiti, na ilipofika zamu ya kusoma somo la pili akasoma.

Sasa mlinganisheni mtu huyo na binti wa kidato cha tatu aliyepata mimba. Kwa binti huyo kanisa lina utaratibu kamili, na linaujua vizuri kuliko Kanuni ya Imani. Wazee huketi. Jina lake huandikwa katika kitabu. Hutengwa na Ushirika Mtakatifu, huondolewa kwaya, na katika makanisa mengine huketishwa nyuma hadi siku atakapopokewa tena, siku ambayo naye hana budi kusimama mbele za watu na kukiri. Hatusemi kanisa lisiwe na nidhamu. Twauliza ni kwa nini nidhamu hiyo ina macho makali hivyo kwa tumbo la msichana wa miaka kumi na saba, na ni kipofu kabisa kwa kalamu ya mzee wa miaka hamsini. Kosa la binti limeihuzunisha nyumba moja. Yule mwenye kalamu amewanyang'anya watu wa eneo bunge zima mtu waliyemchagua, na kwa miaka mitano barabara yao, dawa zao na madarasa ya watoto wao vimekuwa mikononi mwa mtu waliyemkataa. Nani kati ya hao wawili alistahili kiti cha nyuma?

Wapo watakaotuambia kwamba hayo ni ya zamani. Basi tuje karibu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler ilichunguza na kutoa ripoti yake mwaka 2008: kwamba hesabu ilikuwa imechafuka kiasi cha kutowezekana kujua ni nani aliyeshinda urais. Mwenyekiti wa tume ya uchaguzi mwenyewe, marehemu Samuel Kivuitu, alikuwa amewaambia waandishi wa habari kwamba hajui kama aliyemtangaza alikuwa ameshinda. Jambo ambalo mashabiki wa pande zote hawapendi kulikumbuka ni kwamba ripoti ile iliukuta uchafu katika ngome za vyama vyote viwili vikubwa. Kila upande ulikuwa na Yezreeli yake. Na hesabu ya uongo haikubaki karatasini. Matokeo yalitangazwa tarehe 30 Desemba. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu ndani, wengi wao akina mama na watoto waliolikimbilia kama mahali pa salama. Kabla ghasia hazijatulia nchini, zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameuawa. Baraza la Makanisa lilikiri mwaka uo huo kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa. Lilikuwa tendo la uungwana, na tunaliheshimu. Lakini kukiri kulifanywa na baraza kwa niaba ya wote, na inapokuwa ni kwa niaba ya wote, aliyejaza fomu kwa mkono wake huitikia amina pamoja na wengine na kwenda zake.

Au tutazame mfano wa upande wa pili. Mwaka 2016, alipohojiwa ili awe Jaji Mkuu, David Maraga, Mwadventista Msabato, alieleza bila kuficha kwamba ingemwia vigumu mno kufanya kazi mahakamani siku ya Sabato. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Septemba 2017, mahakama aliyoiongoza iliufuta uchaguzi wa urais, majaji wanne dhidi ya wawili, kwa kuwa matokeo hayakupitishwa kwa njia iliyoagizwa na Katiba na sheria. Tangu hapo Bwana Maraga ameingia katika siasa, nasi hatumpigii debe. Tunamtaja kwa sababu ya kazi aliyoifanya akiwa jaji. Imani ya mtu huyo ilionekana kazini. Ilimfanya msumbufu kabla ya kupewa kiti na ikamfanya msumbufu zaidi alipokikalia. Tunao Wakristo wangapi ofisini ambao ukristo wao umepata kumsumbua mkubwa wao hata siku moja?

Maana uchaguzi huja mara moja katika miaka mitano, lakini barua za Yezebeli hufika kila siku. Ripoti ya tume ya Paul Ndung'u kuhusu ardhi ya umma, iliyotolewa mwaka 2004, ilihesabu takriban hatimiliki 200,000 zilizotolewa kinyume cha sheria. Hebu tafakarini idadi hiyo. Kila hatimiliki ilikuwa na mpimaji aliyeweka mawe ya mpaka, karani aliyeandika, ofisa aliyetia sahihi na mwingine aliyetia muhuri. Ahabu mmoja asingeweza kunyakua viwanja laki mbili kwa mikono yake miwili. Alihitaji jeshi la watu wapole, wenye familia, wanaoomba kabla ya chakula. Nao waliochukua shilingi chache ili faili ya mjane ipotee walijua mjane ni nani, kwa kuwa baadhi yao waliketi naye kwenye benchi moja la kanisa.

Jumatatu asubuhi ndipo mahali penyewe. Ni kwenye dirisha ambapo kijana anaambiwa kitambulisho chake hakitaonekana mpaka atoe chai. Ni katika ghala la zahanati, ambapo katoni kumi zimepokewa na kitabu kinasema kumi na tano. Ni katika ofisi ya shule, ambapo majina ya wanafunzi wasiokuwapo yanaombewa fedha za serikali na mtu ambaye kila asubuhi huwaongoza wanafunzi waliopo katika sala. Ukimwuliza atakujibu kwamba hayo ni mambo ya kazi, na dini ni jambo la moyo. Huo ndio uzushi mkubwa wa kanisa letu, na hakuna sinodi iliyowahi kuitishwa ili kuulaani.

Na kwa nini mimbari isimkemee? Kwa sababu imelipwa. Katika hili tunayo furaha ya kuona kuta zikianza kupata nyufa. Septemba 2021, huko Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubu ibadani. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa jimbo kuu Katoliki la Nairobi aliagiza mamilioni ya shilingi yaliyotolewa na Rais katika kanisa moja la Soweto yarudishwe. Vyema sana. Lakini hata hapo tumefika kwa Ahabu tu. Milioni za Rais zinarudishwa mbele ya kamera. Bahasha ya karani wa ardhi, iliyo nyembamba na isiyo na mwandishi wa habari wa kuifuata, bado inapokewa, na bado jina lake linasomwa akipigiwa makofi.

Tunayajua mashaka ya karani, wala hatumdharau. Atasema: mimi ni mtu mdogo, nina watoto wanne, nikikataa leo kesho kiti changu kina mwingine. Ni kweli. Tena liko lililo baya kuliko kupoteza kazi. Mwishoni mwa Julai 2017, siku chache kabla ya uchaguzi, Chris Msando, aliyesimamia mitambo ya teknolojia katika tume ya uchaguzi, aliuawa, na maiti yake ilikuwa na alama za mateso. Agosti 2022 msimamizi wa uchaguzi wa Embakasi Mashariki alitoweka akiwa kazini, na baadaye maiti yake ikapatikana mbali na Nairobi. Anayesema kwamba ukweli ni jambo rahisi hajaishi katika nchi hii.

Wapo pia wanaofungua Warumi sura ya kumi na tatu na kutwambia kwamba kila mamlaka yatoka kwa Mungu, kwa hiyo mtumishi wa serikali hana budi kutii. Sura hiyo tumeisomewa na machifu tangu enzi ya mkoloni. Na iwe hivyo: mamlaka yatoka kwa Mungu. Lakini katika Kenya mamlaka hukabidhiwa kwa kura, Katiba ya 2010 yasema enzi yote ni ya wananchi, na anayeibadili hesabu ya kura ndiye anayeyaasi mamlaka. Tunashangaa kwamba sura hiyo haijapata kusomewa mjaza fomu.

Yule karani mwenye watoto wanne anatudai jibu bora kuliko hotuba, nalo kanisa linalo kama likitaka, kwa maana lilikwisha kulitoa. Machi 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipopigwa na polisi na kufukuzwa pale Uhuru Park, Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi, liliwapokea. Walikaa humo miezi mingi wakidai wana wao, hadi wengi wa wana hao walipoachiliwa. Walikula, walilala na waliombewa humo. Hakuna aliyewaambia akina mama wale kwamba imani ni jambo la moyo. Kama kanisa liliweza kuwabeba akina mama hao waliokuwa wakitazamwa na askari mchana na usiku, litashindwaje kuibeba familia ya mwalimu mmoja aliyekataa kuandika tarakimu ya uongo?

Kwa hiyo tunayo madai, nayo tunayaelekeza kwa mabaraza ya wazee, halmashauri za parokia na jumuiya ndogondogo, kwa kuwa Ikulu ina wengi wa kuiandikia. Siku hizi kituo cha kura kina fomu yake, 34A, na mwaka 2022 fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa mtandaoni ili kila mtu azione. Sahihi iliyo chini ya fomu ni ya mtu mnayemjua. Kabla ya uchaguzi wa 2027, waumini watakaoajiriwa kusimamia vituo katika eneo lenu waiteni, mketi nao, muwaombee kwa majina, na muwaeleze mambo mawili bila mafumbo. La kwanza, kwamba atakayekataa kuandika uongo akafukuzwa au akatishwa, karo ya watoto wake na kodi ya nyumba yake ni juu ya usharika, na wazee watafuatana naye hadi kwa wakili na hadi kituo cha polisi. Mfuko wa jambo hili uanze sasa. Tunayo mifuko ya mazulia, ya vinanda na ya mabasi. La pili, kwamba atakayeandika uongo ataitwa, ataulizwa, na akithibitika atatengwa na Meza mpaka aseme hadharani alichokifanya na kurudisha alichopokea, kama Zakayo alivyorudisha, naye Zakayo alirudisha mara nne.

Kitabu cha nidhamu kimo kabatini mwa kila ofisi ya kanisa. Baraza lenu litakapoketi mwezi ujao, mtu mmoja na asimame aulize ni mara ngapi tangu kifunguliwe limeandikwa humo kosa la mtu aliyeshuhudia uongo kazini. Jibu lisomwe kwa sauti, na liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.